Nani Anafunga Maji? Historia ya Matone Yanayojiendesha

Leo tuweke kando mambo ya hifadhidata na seva, tuzungumze maji. Kibaraza changu hapa Nairobi kina ndoo 10 za sukuma wiki, dania na nyanya, na zote zinanyweshwa kwa mipira ya matone. Kila nikimweleza mtu wa kompyuta habari hiyo, swali la kwanza huwa lile lile: "Umetumia bodi gani?" Ni wachache wanaouliza swali ambalo mimi naliona kubwa zaidi. Maji yakishaanza kutiririka, nani anayafunga?

Kufungua maji ni kazi rahisi. Mistari mitano ya msimbo inatosha. Lakini kuna mitaa mingi hapa mjini ambako mfereji hutoa maji kwa zamu, na siku zilizobaki mtu ananunua kwa mtungi wa lita 20. Kwa nyumba kama hiyo, vali iliyokwama wazi usiku kucha si hitilafu ndogo ya kuandikwa kwenye orodha ishughulikiwe Jumatatu. Ni maji ya kupikia na kuoga yaliyopotelea mchangani.

Nimelifuatilia swali hili katika historia ya umwagiliaji wa matone, na nimeona kwamba lina zaidi ya miaka 2,000. Tena majibu mengine bora yalipatikana kabla umeme haujafika popote. Hebu tuyapitie moja moja.

Chungu kinachosikiliza udongo

Katika karne ya 1 kabla ya Kristo, huko China, ofisa mmoja wa kilimo aitwaye Fan Shengzhi aliandika kitabu cha maelekezo kwa wakulima. Kitabu chenyewe kilipotea, lakini sehemu zake zimehifadhiwa katika vitabu vya baadaye vilivyomnukuu. Mojawapo ya sehemu hizo inaeleza jinsi ya kupanda matikiti. Chimba shimo, changanya samadi na udongo, kisha fukia mtungi wa udongo katikati mpaka mdomo wake ulingane na ardhi. Jaza maji. Panda mbegu nne kuuzunguka. Funika mdomo kwa kigae. Maji yakipungua, ongeza. Kwa vipimo vya enzi hizo, mtungi huo ulichukua kama lita 6.

Ukiutazama kwa haraka utasema huu ni ujanja wa kuhifadhi maji tu. Utazame tena kwa jicho la mtu wa programu. Chungu cha udongo uliochomwa bila kupakwa rangi ya kung'aa kina vitundu vidogo mno katika ukuta wake. Udongo wa nje ukiwa mkavu, unayavuta maji kupitia vitundu hivyo. Ukishalowa, mvuto unapungua, na maji yanapunguza mwendo yenyewe. Mmea ukinywa, udongo unakauka tena, na mvuto unarudi.

Huo ni mrejesho kamili. Kipimo kipo, uamuzi upo, na vali ipo, vyote vitatu ndani ya kitu kimoja kilichofinyangwa kwa mikono na kuchomwa kwa kuni. Hakuna saa wala betri. Na angalia kinachotokea chungu kikiharibika kwa uzee: vitundu vinaziba kwa chumvi, maji yanapungua. Hitilafu yake inaelekea upande wa kufunga, si upande wa kumwaga. Shika jambo hilo, tutalihitaji mbele.

Boya la Alexandria na hila za Baghdad

Jibu la pili lilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akifikiria bustani. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, huko Alexandria, fundi aitwaye Ctesibius alitengeneza saa ya maji. Saa ya namna hiyo hupima muda kwa matone, na matone hayawezi kuwa sawa kama kina cha maji kwenye chombo cha juu kinabadilika. Ctesibius alitumia boya. Maji yakipanda, boya linapanda na kuziba njia. Yakishuka, linashuka na kufungua njia.

Miaka zaidi ya elfu moja baadaye, mjini Baghdad, ndugu watatu wanaojulikana kama Banu Musa waliandika, mnamo mwaka 850, Kitab al-Hiyal, kitabu kilichoeleza takriban vyombo 100 vya kujiendesha, vingi vikitumia maboya, vali na mirija. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani wa jina hilo. Hiyal ni wingi wa neno lililotupa "hila". Ni kitabu cha hila, kwa maana ya ujanja wa kistadi.

Boya hilo ungali nalo. Panda juu ya paa utazame ndani ya tangi lako, au inua kifuniko cha tangi la choo. Ndilo kifaa cha kujiendesha kilichoenea kuliko vyote nyumbani, na halijawahi kuhitaji kusasishwa.

Mwaka 1908: mrejesho waingia kwenye kopo

Watu wengi hudhani kunywesha mimea ya kwenye makopo bila mkono wa mtu ni jambo lililokuja na kompyuta. Sivyo. Mwaka 1908 mwanabotania Mmarekani Burton Livingston, aliyekuwa akifanya utafiti katika maabara ya jangwani huko Tucson, Arizona, alichapisha njia ya kudhibiti unyevu wa mmea uliopandwa ndani ya chombo. Alizika kikombe cha udongo chenye vitundu katikati ya mizizi, akakiunganisha kwa mrija na chupa ya maji.

Ujanja uko mahali alipoiweka chupa: chini ya kikombe. Angeiweka juu, maji yangeshuka yenyewe kwa uzito wake, mmea upende usipende. Kwa kuwa ilikuwa chini, maji hayakusogea mpaka udongo uyavute. Udongo ukishiba, kimya.

Kwa nini hili ni muhimu zaidi kwa kopo kuliko kwa shamba? Kwa sababu shambani mizizi ina mahali pa kukimbilia. Ukizidisha maji yanazama chini zaidi, ukipunguza mizizi inayafuata. Ndani ya ndoo ya lita 20 hakuna pa kwenda. Hata ukitoboa matundu, tabaka la chini la udongo hubaki limejaa maji baada ya kunywesha, na mizizi iliyozama humo inakosa hewa. Siku ya pili jua linaipiga plastiki na udongo wa juu unakuwa mkavu. Kosa linalosamehewa na ekari moja halisamehewi na ndoo. Tuta la mbao liko katikati: lina udongo mwingi kuliko ndoo, lakini kwa kuwa limeinuliwa, linachuja na kukauka upesi kuliko ardhi ya kawaida.

Mwaka 1936 L. A. Richards na Willard Gardner walieleza tensiomita, yaani mrija uliojaa maji, wenye ncha ya udongo chini na geji juu, unaopima nguvu ambayo udongo unatumia kuvuta maji. Kwa maneno mengine, ni chungu kile kile cha Fan Shengzhi kilichovalishwa geji.

Mpira unaovuja kwa makusudi

Wakati huo wahandisi wa mashambani walikuwa wakihangaikia swali jingine: si lini maji yafungwe, bali jinsi ya kuyachelewesha. Mwaka 1913 E. B. House wa Colorado alijaribu kupeleka maji moja kwa moja kwenye mizizi kwa mabomba ya chini ya ardhi, akahitimisha kwamba gharama ni kubwa mno. Mabomba ya chuma au ya udongo hayakufaa kazi hiyo. Ilibidi plastiki isubiriwe. Ilipopatikana kwa wingi, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakulima wa nyumba za vioo huko Uingereza walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia kwa matone.

Jina linalotajwa zaidi ni la Simcha Blass, mhandisi wa maji aliyezaliwa Warsaw mwaka 1897. Alisimulia kwamba katika miaka ya 1930 alionyeshwa mti mkubwa kuliko jirani zake, na hakuna aliyekuwa akiunywesha. Karibu na mizizi yake kulikuwa na bomba lenye kiungo kilichovuja tone kwa tone. Miaka mingi baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1950, alianza majaribio pamoja na mwanawe Yeshayahu. Mwaka 1965 alifanya mkataba na kijiji cha ushirika cha Hatzerim katika jangwa la Negev, na kampuni ya Netafim ikaanza.

Tundu dogo tu halikuwa jibu. Tundu dogo linaziba. Blass alichofanya ni kuyapitisha maji katika njia ndefu nyembamba iliyozungushwa kama skrubu. Msuguano wa njia nzima ndio unaoyapunguzia kasi, kwa hiyo tundu linaweza kuwa kubwa kiasi na bado likatoa matone. Vitoneshi vya baadaye vilitumia njia ya kona kona, maji yanagongana na kuta na kupoteza nguvu.

Ni kazi ya kusifiwa. Lakini tazama kilichoachwa njiani. Kitoneshi hakijui kama udongo umelowa. Kinatonesha kwa kiwango kile kile, mvua inyeshe au jua liwake. Swali la kufunga likahamishwa kutoka kwenye kitu chenyewe na kupewa mtu wa kushika mfereji, kisha saa ya kuwasha na kuzima. Na saa, kwa lugha yetu, ni programu isiyosoma chochote kutoka nje. Inaendesha kitanzi chake hata kama dunia imebadilika.

Ndoo ya lita 20 yafika Kenya

Huko Watertown, jimbo la New York, Richard Chapin alikuwa ameanza na mirija myembamba ya kunywesha mimea ya makopo katika nyumba za vioo, kabla ya kuingia katika mipira ya matone ya mashambani. Mwaka 1974 aliitwa Senegal kusaidia watu waliokuwa na maji kidogo. Katika kazi hiyo ilizaliwa fikra ya seti ya ndoo: ndoo moja, mipira michache, hakuna pampu.

Mwaka 1996 Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Kenya, KARI, ambayo kwa sheria ya mwaka 2013 iliingizwa katika KALRO, ilianza kuzieneza seti hizo hapa kwetu. Ndoo ya lita 20 inawekwa mita 1 juu ya ardhi. Chini yake inatoka mipira miwili ya mita 15 kila mmoja, yenye tundu kila sentimita 30. Hiyo inatosha mimea kama 100. Unajaza asubuhi, unajaza jioni.

Ni rahisi kuiona kama toleo la kimaskini la mtambo wa Netafim. Mimi naona ni usanifu bora katika jambo moja: haiwezi kumwaga zaidi ya lita 20. Mpira ukikatika, panya akiutafuna, mtoto akiukanyaga, hasara ina mwisho unaojulikana. Ukomo uko ndani ya chombo, hauko ndani ya kumbukumbu ya mtu.

Hata hivyo, tusiipambe kupita kiasi. Kulecho na Weatherhead, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2005, walichunguza kwa nini wakulima wadogo wa Kenya waliacha kutumia vifaa vya bei nafuu vya matone. Sababu walizozipata ni ukosefu wa matunzo, mfumo kutoendana na mazoea ya wenyeji, na maji yasiyotegemeka. Mtu aliyezoea kuona udongo umelowa wote haamini kwamba doa dogo la unyevu limetosha. Na mpira usiosafishwa unaziba. Kifaa kilikuwa sawa, lakini mtu aliyekusudiwa kuwa kipimo na vali yake hakupewa sababu ya kukiamini.

Wakati mwingine mtu huyo ndiye mfumo wote. Baada ya ghasia za uchaguzi, mwaka 2008, shirika la Solidarités lilisaidia familia za Kibera kulima kwenye magunia. Gunia linajazwa udongo, na katikati kunajengwa nguzo ya mawe kwa kutumia kopo lisilo na kitako: unalijaza mawe, unazungushia udongo, unalivuta juu, unalijaza tena. Maji yakimiminwa juu, nguzo inayasambaza mpaka chini, na sukuma wiki inaota ubavuni. Hakuna tone linalojiendesha hapo, ila njia ya maji imefikiriwa kabla ya mbegu. Wengi wetu tunaonunua bodi kwanza na mipira baadaye tungejifunza kitu.

Bodi zinaingia bustanini

Mwaka 2005 Arduino ilizaliwa huko Ivrea, Italia. Mwaka 2006, katika Chuo Kikuu cha New York, ulianza mradi wa Botanicalls, ambapo mmea wenye kiu ulimpigia simu mwenyewe. Mwaka 2014 chipu ya ESP8266 ikashusha sana bei ya kuunganisha kifaa kidogo na Wi-Fi. Ghafla kila mwenye ndoo na muda wa Jumamosi aliweza kutengeneza alichotengeneza Livingston, kwa msimbo badala ya udongo.

Na ndipo jambo nililokuomba ulishike linaporudi. Kihisi cha bei rahisi cha unyevu kina meno mawili ya chuma yanayopitisha umeme kwenye udongo. Umeme huo huo unayala. Jino likishaliwa, umeme haupiti vizuri, na programu inasoma nini? Inasoma "kavu". Inafungua maji. Inapima tena: kavu. Inaendelea kufungua. Kihisi cha aina ya kapasita hakiliwi hivyo, lakini kikichomolewa na kuku, au na mwanao, nacho kinasoma hewa, na hewa ni kavu. Chungu kikiharibika kinafunga. Kihisi kikiharibika kinafungua. Tumeendelea kwa miaka 2,000 tukageuza upande wa hitilafu.

Vali nazo zina yao. Vali nyingi za umeme zenye utando wa mpira hutumia presha ya maji yenyewe kujifungua na kujifunga, na mara nyingi zinahitaji angalau bar 0.2, yaani maji yawe mita 2 juu. Pipa lililo mita 1 juu linatoa bar 0.1 tu. Vali inaweza kukataa kufunguka, au ikafunguka isifunge vizuri, na msimbo wako hauna habari.

Hesabu ya kibarazani

Basi tupige hesabu. Kitoneshi kinachoandikwa lita 2 kwa saa kimepimwa kwa bar 1. Kwa bar 0.1, kitoneshi cha njia ya kona kona hutoa karibu theluthi moja ya hapo, tuseme lita 0.6. Ndoo zangu 10 zinakunywa lita 6 kwa saa. Vali ikikwama wazi saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, ni lita 72. Hiyo ni mitungi mitatu na nusu. Na nyanya zimezama juu yake.

Ndiyo sababu mtambo wangu unafuata ndoo ya KARI kuliko vitabu vya vifaa vya kielektroniki. Mipira haikuunganishwa na pipa kubwa. Imeunganishwa na ndoo ya lita 10 iliyoinuliwa, ninayoijaza kwa mkono kila asubuhi nikisubiri chai. Chini yake kuna vali ya tufe inayozungushwa na mota, kwa kuwa aina hiyo haitegemei presha. Bodi inasoma vihisi na kuamua leo zitoke lita ngapi kati ya hizo 10. Umeme ukikatika vali ikiwa wazi, itabaki wazi, sawa. Zitatoka lita 10, basi. Nikisafiri siku nne, naweka chombo kikubwa zaidi na kuyahesabu maji kabla ya kuondoka.

Bodi inaruhusiwa kugawa. Hairuhusiwi kuomba zaidi.

Msimbo nao una sheria mbili tu za kinga. Kihisi kikisoma "kavu" mara tatu mfululizo ingawa maji yametoka, kinahesabiwa kimekufa na hakisikilizwi tena mpaka nikikague. Na kila kinachosomwa kinaandikwa pamoja na saa yake, ili nijue nini kilitokea nilipokuwa nimelala.

Kama huna bodi, usijione umeachwa nyuma. Tafuta chungu kidogo kisichopakwa rangi, ziba tundu la chini kama lipo, kifukie katikati ya ndoo, jaza maji, funika mbu wasizalie humo. Ukitia kidole kwenye udongo baada ya siku mbili tatu utaona kazi yake. Kisugue kikianza kuota chumvi nyeupe. Huo ni mtambo wenye kipimo, uamuzi na vali, na gharama yake ni ya chungu.

Haya, kwa leo naishia hapo. Wiki ijayo tutarudi kwenye seva zetu. Ila kabla hujanunua kifaa chochote cha kufungua maji, chukua karatasi uandike kitakachoyafunga siku kifaa hicho kitakapokufa.